Uwezekano wa Mpito wa Atomi na Suala la Chuma cha Jua

Makala haya yanajadili dhana ya uwezekano wa mpito, yaani idadi ya mara ambazo atomi iliyosisimuliwa hutarajiwa, kwa kila sekunde, kushuka hadi kiwango fulani cha nishati na kutoa fotoni. Istilahi mpito ina kasoro: inadokeza njia inayopitwa, ilhali kati ya viwango viwili hakuna njia. Hata hivyo imekwisha kuzoeleka.

Mstari mweusi hafifu katika spektra ya Jua hutegemea zao la vitu viwili: wingi wa atomi zinazofyonza mwanga na uwezekano wa mpito wenyewe. Spektra huonyesha zao hilo tu. Anayezidisha cha pili mara 10 hupunguza cha kwanza mara 10, na mstari hautamsuta.

Ndivyo ilivyotokea kwa chuma. Hadi miaka ya 1960 wengi walikubali kwamba kwa kila atomi 1,000,000,000,000 za haidrojeni katika uso wa Jua zipo za chuma milioni 4 hivi. Vimondo na korona vilidai takriban mara 10 ya hizo. Harold Urey alikitumia kiwango hicho kidogo kutetea rai kwamba Mwezi, wenye chuma haba, ni gimba la awali lenye mchanganyiko kama wa Jua.

Kosa lilikuwa katika vipimo vya maabara. Majedwali ya Corliss na Bozman ya mwaka 1962, yenye mistari 25,000 hivi ya elementi 70, yalitokana na mng'ao wa tao la umeme, na mistari inayoanzia viwango vya juu ilikuzwa mno. Mwaka 1969 Garz na Kock, huko Kiel, walitoa vipimo vipya, na chuma cha Jua kikapanda takriban mara 10. Leo hukadiriwa kuwa atomi milioni 30 hivi.

Yafaa kuuliza kwa nini haikukokotolewa tu. Chuma kisicho na chaji kina elektroni 8 za nje zinazoathiriana. Sehemu chanya na hasi za hesabu hukaribia kufutana, na kosa dogo katika maumbo ya mawimbi hukua. Katika korona hali ni kinyume: atomi ya chuma iliyopoteza elektroni 13 hubakiwa na moja katika ganda dogo la nje, na uwezekano wa mpito wa mstari wa kijani wa nanomita 530.3, upatao 60 kwa sekunde, hupatikana karibu wote kwa aljebra.