Programu Inapojifunga: Saa Tatu za Tukio Moja

Programu ya simu au kishikwambi inapojifunga ghafla, mara nyingi huandika yenyewe taarifa ya hitilafu na kuituma kwa watengenezaji wake. Taarifa hutaja aina ya kifaa, toleo la programu, muda, na sehemu ya programu iliyokuwa ikifanya kazi. Haielezi kwamba mhudumu wa zahanati alikuwa amekwisha kuandikisha nusu ya wagonjwa wa asubuhi.

Katika Wilaya ya Ngara ugumu huanzia kwenye saa. Tanzania imezitangulia Rwanda na Burundi kwa saa 1. Simu iliyoko Rusumo au Kabanga, ikiwa imewekwa ijirekebishe saa yenyewe, yaweza kunasa mnara wa ng'ambo na kurudi nyuma bila mwenyewe kutambua. Mhudumu atasema programu ilijifunga saa nne asubuhi. Simu yake itaonyesha 09:00. Taarifa iliyoandikwa kwa saa za kimataifa itasema 07:00. Afisa TEHAMA asiyeuliza mahali atatafuta matukio matatu, ilhali ni moja.

Taarifa pia huhitaji mtandao. Kifaa kikikosa bando au mawimbi, kama inavyotokea njiani kwenye misitu ya Biharamulo, taarifa husubiri ndani yake. Programu ikifutwa, hupotea pamoja nayo. Hivyo kata yenye mtandao mzuri yaweza kuonekana na matatizo mengi kuliko kata iliyo kimya, na marekebisho yakaanzia kwa waliosikika.

Hata taarifa iliyofika yaweza kupotosha. Kumbukumbu ya kifaa inapojaa, hutajwa sehemu iliyoomba nafasi mwisho. Ni sawa na kulilaumu debe la mwisho kwa gunia lililojazwa na madebe yaliyotangulia.

Kuongeza maelezo ya mtumiaji ndani ya taarifa si suluhisho jepesi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za watu zikusanywe kwa kiasi kinachohitajika tu. Jina la mgonjwa halina nafasi humo, na ni haki.

Pengo hilo huzibwa na maelezo ya aliyekuwapo: mahali, saa na mnara uliokuwa ukisomeka, kitufe kilichobonyezwa mwisho, na picha ya ujumbe uliotokea, isiyoonyesha jina la mtu. Yaandikwe kabla programu haijafutwa.