TIKITI IMEPOTEA AU TIKITI LIMEPOTEA? SOMO KUTOKA NDANI YA TRENI

Wahenga walinena, tembea uone. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, Tanzania, na nimeishi hapa Mombasa miezi minane tu. Wengi mnanijua kwa sababu nikifungua mdomo darasani, watu huangua kicheko. Leo nataka tucheke pamoja, kisha tujifunze.

Wakati wa likizo mama mkubwa alinipeleka Voi kwa treni, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Tuliabiri ile ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani, kutoka stesheni ya Miritini. Haya ndiyo niliyoyapata.

1. Tikiti. Kwetu cha kusafiria ni tiketi, nalo tikiti ni tunda. Hapa neno ni moja, kwa hivyo ngeli ndiyo hutofautisha. Ya kusafiria imo katika I-ZI: tikiti imepotea, tikiti zimepotea. Tunda limo katika LI-YA: tikiti limepotea, matikiti yamepotea. Ukimwambia karani kwamba tikiti lako limepotea, atakuelekeza sokoni!

2. Saa. Tikiti yetu iliandikwa 08:00. Kwa Kiswahili hiyo ni saa mbili asubuhi, wala si saa nane. Mgeni asiyejua kuhesabu hivyo atakuta stesheni tupu.

3. Garimoshi. Treni ya reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilianza kubeba abiria mwaka wa 2017, nayo huvutwa na injini ya dizeli. Ile ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza mwaka wa 2024, hutumia umeme. Je, garimoshi lisilotoa moshi lingali garimoshi? Naam! Neno halifi eti kwa kuwa moshi umekwisha. Ila chunga ngeli: garimoshi limefika, lakini treni imefika. Anayeliendesha ni kandawala, na vipande vilivyolazwa chini ya reli ni mataruma.

4. Adabu. Dirishani mama mkubwa alisema, "Naomba tiketi mbili za Voi." Karani akatabasamu, "Mama, wewe ni wa Tanzania, sivyo?" Hapa wengi husema, "Nipatie tikiti mbili." Kauli zote mbili ni sahihi. Karani hakumcheka, alimhudumia.

Njiani tuliwaona ndovu wa Tsavo, wekundu kwa vumbi la kwao. Lakini lililonigusa zaidi ni historia ya Voi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walijenga reli kutoka hapo kuelekea Taveta ili kubeba wanajeshi. Baadaye ikaunganishwa na reli ya Wajerumani iliyotoka Tanga hadi Moshi, kwetu kabisa. Waliozijenga walikuwa maadui, lakini reli zao zilikutana.

Basi wenzangu, sisi si maadui. Nikisema "tiketi" nawe ukisema "tikiti", tusichekane hadi mtu aogope kuinua mkono darasani. Mimi niliogopa muhula mzima. Lugha ni moja, ila ina stesheni nyingi.

ZOEZI
Sahihisha:
(a) Treni limechelewa.
(b) Behewa imejaa abiria.
(c) Nimekula tikiti tamu yote.
(d) Garimoshi zimeondoka.