Filamu za Shiti: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Mpiga Picha wa Handeni na Korogwe

Maneno haya ni ya mwenye kamera kubwa, ile ya kujifunika kitambaa cheusi kichwani, anayetaka kupiga picha nyeusi na nyeupe akiwa Korogwe au Handeni bila kuuza shamba. Mwenye simu apite salama.

Usinunue filamu kabla ya kupima kaseti zako. Shika rula. Ni inchi 4 kwa 5? 5 kwa 7? 8 kwa 10? Au ni zile za sentimita, 13 kwa 18 na 18 kwa 24? Kamera ya kurithi mara nyingi hudai saizi isiyokaa dukani. Ilford wa Uingereza hukata saizi adimu mara moja kwa mwaka, kwa oda za pamoja. Ukichelewa, ngoja mwakani.

Hesabu bei kwa shiti, usihesabu kwa boksi. Boksi la Ilford la 4 kwa 5 lina shiti 25. La Fomapan, linalotoka Hradec Králové huko Czech, lina 50. Kodak wana boksi la 8 kwa 10 lenye shiti 10 tu. Kumbuka pia kwamba shiti moja ya 8 kwa 10 ni sawa na nne za 4 kwa 5, na eneo lake linakaribia la mkanda mzima wa picha 36. Anayeanza, aanze na 4 kwa 5. Waliotamani ukubwa kwanza nawafahamu. Kamera zao ziko chini ya vitanda.

Usiagize boksi moja moja kutoka nje. Forodha hawaangalii bei ya filamu peke yake. Wanajumlisha bei, bima na nauli ndipo wapige ushuru, kisha VAT ya asilimia 18 inapanda juu ya vyote. Yaani nauli unailipa, halafu unailipia kodi. Tafuteni watu wanne, wa Tanga, Moshi, popote, mwagize mzigo mmoja.

Sasa eksirei, maana humo ndimo ulimo unafuu wenyewe.

Nunua filamu ya eksirei. Boksi lina shiti 100, na kwa shiti moja bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya filamu ya kamera. Saizi zake ni za sentimita: 18 kwa 24, 24 kwa 30, 30 kwa 40. Mwenye kamera ya 4 kwa 5 asikimbilie boksi dogo. Kipande anachotaka ni kama sentimita 10 kwa 12.5. Ukivikata vyote vikitazama upande mmoja, shiti ya 18 kwa 24 inatoa viwili, ya 24 kwa 30 vinne, ya 30 kwa 40 inatoa tisa. Eneo la hiyo ya mwisho halifiki mara mbili ya iliyotangulia, lakini vipande vinapita mara mbili. Boksi moja, picha 900! Hata harusi za Korogwe nzima hazitazimaliza.

Usidanganywe na filamu ya printa. Hospitali nyingi zimehamia dijitali, na maduka ya vifaa vya tiba sasa yamejaza filamu kavu za kuchapia. Maboksi yanafanana kama pacha. Ukiona limeandikwa "dry", "laser" au "thermal", rudisha. Unayoitaka ni ile ya kusafishwa kwa developa na fiksa, iliyoandikwa kuwa ni ya mwanga wa kijani au wa bluu. Chukua ya kijani.

Usimruhusu muuzaji alifungue boksi. Mimi niliachia. Kariakoo, dukani, saa sita mchana, kijana mwenye adabu zake alinitolea boksi la mwisho. Kabla sijahesabu hela alikwisha kuchana gundi, akavuta ule mfuko mweusi, akapekua shiti kwa dole gumba kama anayehesabu noti. "Kamili, mzee wangu, hakuna iliyopungua." Alizoea zile za printa zisizojali mwanga. Nilikuwa nimeshasema nachukua, nikalipa. Shiti zote 100 zilitoka nyeusi tii.

Usimwendee mtu wa chumba cha eksirei katika hospitali ya serikali ukamwomba shiti ishirini za chinichini. Ni mali ya umma, na utamponza mwenzio afukuzwe kazi. Kama wana akiba iliyopitwa na wakati, subiri watangaze kuiuza kwa utaratibu, ununue upewe risiti.

Usiitegemee filamu ya eksirei ione kama jicho linavyoona. Filamu hii haitambui rangi nyekundu. Mkonge wa Korogwe utang'aa, udongo mwekundu wa Handeni utakuwa mkaa, na uso wa mtu mweusi utatoka mweusi kuliko alivyo. Ongeza mwanga kwenye picha za watu, na usiwapige jioni jua likiwa jekundu. Utaambulia meno na kanzu. Pima kama ISO 80, kisha sahihisha kwa macho yako.

Ikate chini ya taa nyekundu, nyekundu kweli. Balbu ya dukani ijaribu kwanza: weka sarafu juu ya kipande, acha dakika tano, safisha. Ukiona duara, tupa balbu. Kata kucha pia. Filamu hii ina dawa pande zote mbili na ikilowa inachubuka kama ngozi ya nyanya. Safisha kipande kimoja kimoja, chini ya trei ukiwa umetandika kioo. Ile ya kupimia matiti ina dawa upande mmoja na haina usumbufu huo, ila bei iko juu.

Usiiweke kwenye buti ya basi. Kutoka Mbezi, Dar es Salaam, hadi Korogwe au Handeni joto la buti ni la tanuri. Pakata. Nyumbani iweke kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, na siku ya kuitumia itoe saa tatu kabla ya kuifungua, isije ikatoka jasho. Umeme ukikatika, usifungue mlango kila dakika kuichungulia, haisogei.

Anayekuletea kutoka nje kwa ndege asiiweke kwenye begi la kupakia chini, maana mashine za huko ni kali. Aibebe mkononi, na akikuta mashine za kisasa za CT aombe ikaguliwe kwa mkono. Aombe kwa upole.

Na boksi likishakuwa lako, chukua kalamu ya wino mzito uandike: USIFUNGUE. Mimi naandika pande zote sita.