Somo: Kibodi Inapogoma, Tuanze Wapi?



Tawi linapotunza daftari la wanachama, hesabu za michango na barua za madai ndani ya kompyuta mpakato moja, siku kibodi inapogoma kazi yote husimama. Na barua ya madai yenye siku yake ya mwisho haimngoji mtu.

Mara nyingi watu hukimbilia kusema, "Kibodi imekufa, inunuliwe nyingine." Fedha za wanachama hutolewa, kibodi mpya hufungwa, na kosa hubaki pale pale. Kwa hiyo neno la kushika katika somo hili ni moja: tujue kwanza kosa liko wapi, ndipo tutoe fedha.

Tunazungumza juu ya kompyuta zinazoendeshwa na Linux, kama Ubuntu, Debian au Linux Mint. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland, na aina hizi tatu hupatikana bila kulipia leseni.

KIBODI INAVYOFANYA KAZI

Chini ya vitufe mna karatasi za plastiki zenye njia za umeme, nyingine za mlalo na nyingine za wima. Ukibonyeza kitufe, njia mbili hukutana. Chombo kidogo husoma makutano hayo na kutuma namba. Kiini cha Linux huipokea namba hiyo, na mwisho mpangilio wa kibodi huamua namba hiyo iwe herufi gani.

Basi kosa laweza kuwa mahali patatu: kwenye kitufe na njia zake, kwenye kiini kinachopokea, au kwenye mpangilio unaotafsiri. Mashine ya kuchakata mkonge ikisimama, fundi mwelevu haanzi kwa kufungua mota. Kwanza hutazama kama umeme unafika. Nasi tufanye vivyo hivyo.

HATUA YA KWANZA: PIMA KABLA LINUX HAIJAANZA

Zima kompyuta kabisa, usiilaze tu. Iwashe, na papo hapo bonyeza F2, Del au Esc, kwa kufuata aina ya mashine, ili uingie kwenye ukurasa wa mipangilio ya mashine yenyewe. Hapo Linux bado haijaanza. Ikiwa vitufe vya mishale vinafanya kazi, kibodi inatuma habari na kosa lina dalili ya kuwa ndani ya Linux. Vikiwa kimya vyote, chomeka kibodi ya nje ya USB, ingia kwa hiyo, kisha jaribu tena ile ya ndani. Ikibaki kimya hata hapo, shaka kubwa ni kibodi yenyewe au utepe wake wa waya.

Kibodi hiyo ya nje itawasaidia pia kuendelea na kazi wakati kosa linatafutwa.

HATUA YA PILI: HERUFI ZISIZO ZAKE

Ukibonyeza u ikatoka 4, na j ikatoka 1, kibodi ni nzima. Num Lock imewashwa. Izime.

Ukibonyeza a ikatoka q, mpangilio ni wa Kifaransa. Z na y zikibadilishana, mpangilio ni wa Kijerumani. Alama ya @ ikibadilishana na alama ya kunukuu, mpangilio wa Uingereza na wa Marekani umechanganywa. Mambo haya huonekana sana kwenye kompyuta zilizotumika Ulaya kabla ya kutufikia. Neno la siri nalo hukataliwa kwa sababu hiyo hiyo, maana herufi zake hufichwa na mtu haoni anachoandika. Tazama alama ya lugha kwenye ukurasa wa kuingilia.

Mpangilio hurekebishwa kwenye ukurasa wa mipangilio, sehemu ya kibodi. Katika Debian na Ubuntu waweza pia kuandika amri hii:

sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration

Linux inayo hata mipangilio ya Kiswahili, mmoja wa Tanzania na mmoja wa Kenya.

Iko pia hali ya kibodi kuonekana bubu. Shikilia herufi moja kwa sekunde chache. Ikitokea baada ya kukawia, msaada wa vitufe vya polepole umewashwa. Kwenye kompyuta nyingine huwashwa kwa kushikilia Shift ya kulia sekunde 8, hata kwa kuegemeza kitabu. Uzime kwenye mipangilio ya misaada ya watumiaji.

HATUA YA TATU: LINUX HAIIONI KIBODI

Hali hii huweza kutokea baada ya kompyuta kulazwa na kuamshwa, au baada ya kiini kipya kuwekwa. Kwa kibodi ya nje, andika:

cat /proc/bus/input/devices

Kibodi ya ndani mara nyingi huandikwa "AT Translated Set 2 keyboard". Ikiwa haimo, washa upya, na kwenye orodha ya kuanzia chagua kiini cha zamani. Kibodi ikifanya kazi, kosa limekuja na kiini kipya. Endeleeni na cha zamani mpaka marekebisho yatoke.

Isipofanya kazi, kwenye orodha hiyo hiyo bonyeza e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na neno linux, acha nafasi, ongeza i8042.reset, kisha bonyeza F10. Badiliko hili hudumu kwa kuwashwa mara hiyo moja tu, kwa hiyo halina hatari.

HATUA YA NNE: VITUFE VICHACHE TU

Vitufe kadhaa vikifa pamoja, huenda njia moja ya umeme imekatika au utepe umelegea. Chai ikimwagika, zima mara moja, chomoa umeme, ugeuze mashine kifudifudi. Hapo fundi anahitajika kweli. Mweleze vitufe gani vimekufa na majaribio mliyofanya.

Kabla ya kumkabidhi mashine, nakilini daftari la wanachama kwenye flashi. Na asikubaliwe anayetaka kufuta diski kwa ajili ya kibodi. Kitufe kilichokatika hakiponi kwa kufuta majina ya wanachama.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA TAWI

1. Kibodi inafanya kazi kwenye ukurasa wa mashine lakini si ndani ya Linux. Je, inunuliwe nyingine? Kwa nini?

2. Katibu anakataliwa neno lake la siri asubuhi. Atazame nini kwanza?

3. Nakala ya daftari letu iko wapi leo, na ni nani aliyeitunza?