Pippin na Jiwe Alilolichungulia



Leo tumwangalie Pippin, hobiti wa riwaya ya The Lord of the Rings (1954–1955) ya J. R. R. Tolkien, mwandishi Mkatoliki. Mahobiti huhesabiwa watu wazima wakifika miaka 33, na Pippin bado. Ndiye mdogo katika kundi la wasafiri tisa na, kusema kweli, anachosha! Kila kitu lazima akiguse. Kwenye mapango ya Moria anatupa kijiwe kisimani kwa udadisi tu, na baada ya muda sauti za kugonga zinasikika kutoka chini kabisa.

Halafu usiku mmoja anamwibia mzee Gandalf, akiwa usingizini, jiwe la kuonea mbali. Analichungulia, na humo anakutana na Sauron, adui mwenyewe.

Wengine watasema Pippin alikua siku alipoliua lile jitu vitani. Mimi naona alikua usiku uleule wa wizi. Gandalf anambana aseme yote, kisha anamtaka amtazame machoni. Kijana anatetemeka, ila anasema ukweli. Mzee anamwekea mkono kichwani kwa upole, halafu anampandisha farasi wake na kuondoka naye kwenda Minas Tirith. Huko mtawala Denethor, akiwa amekata tamaa, anataka kujichoma moto pamoja na mwanawe Faramir aliyejeruhiwa. Ni Pippin anayekimbia kumtafuta Gandalf katikati ya vita, na Faramir anaokolewa.

Petro naye alimkana Bwana mara tatu kando ya moto wa makaa. Kando ya moto mwingine wa makaa akaulizwa mara tatu kama anampenda, akakabidhiwa kondoo (Yn 21).

Nayasema haya kwa sababu niliwahi kutunza michango ya hija ya vijana wenzangu, nikaila kidogo kidogo. Miezi minne nilikuwa napiga chenga foleni ya kitubio. Nilijua padre ataniambia nirudishe, na pesa sina. Nilipoungama, kweli aliniambia hivyo. Nikaenda kwa mwenyekiti wetu, nikamweleza nikiwa nimeinamisha kichwa. Akasema, “Niangalie kwanza.” Nikamwangalia.

Nalipa kila mwisho wa mwezi. Zimebaki awamu mbili.