SOMO KWA MAKATIBU: KUANZA KUANDIKA HABARI ZA CHAMA CHAKO

Ndugu Katibu,

Katika ziara zangu za ukaguzi kwenye vyama vya msingi vya hapa Ufipa, husikia neno moja mara kwa mara baada ya hesabu kufungwa na vitabu kurudishwa kabatini. Katibu huniambia ana nia ya kuandika historia ya chama, au habari za kijiji na wazee wake. Nikimwuliza amefika ukurasa wa ngapi, hucheka. Anangoja mavuno yaishe. Anangoja Kiswahili chake kiwe safi.

Mimi nami nilingoja. Babu yangu mzaa mama, alipokuwa mtoto, alipeleka makaa kwenye malungu, yale matanuru ya udongo yaliyopita kimo cha mtu, ambamo Wafipa waliyeyusha chuma bila mivuo, upepo ukiingia wenyewe kwa matundu ya chini. Nilipomaliza kidato cha nne nilinunua daftari lenye jalada gumu ili niandike masimulizi yake. Nikaona haya kulichafua. Miaka minne baadaye mzee alifariki, na daftari lilikuwa na jina langu tu. Nakumbuka alitaja dawa zilizowekwa tanuruni. Ni dawa zipi, sijui, wala sina wa kumwuliza.

Haukuwa uvivu. Nilikitazama kitabu kizima kwa mara moja, nikashindwa na ukubwa wake kabla ya kushika kalamu. Lakini hakuna katibu anayeogopa mhutasari wa mkutano, kwa kuwa mhutasari una pa kuanzia: tarehe, waliohudhuria, ajenda. Basi fanya vivyo hivyo. Keti na mzee mmoja kwa jambo moja. Andika tarehe, jina lake, kijiji chake, swali ulilomwuliza, kisha majibu yake kama alivyoyatoa. Neno la Kifipa lisilo na Kiswahili chake liache lilivyo. Intumba ibaki intumba. (Tafadhali tumia daftari lako mwenyewe. Nikiyakuta masimulizi ndani ya kitabu cha mihutasari cha chama, nitalazimika kuandika hoja ya ukaguzi.)

Kama huna swali, chukua hili. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vya ushirika, kazi zake zikapewa vijiji na mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Katika miaka hiyo sita, mizani, ghala na vitabu vya chama chenu vilikuwa mikononi mwa nani? Waliokuwa viongozi wakati ule sasa ni wazee sana, na kila mwaka wanapungua.

Wapo watakaouliza: nani atakichapa? Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Haikupata mchapaji. Akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980. Yeye akafariki mwaka 1981. Simtaji ili kuwakatisha tamaa. Angalingoja mchapaji ndipo aandike, mwaka 1980 pasingekuwa na cha kuchapa.

Nitakapokuja kukagua vitabu vya robo hii, pamoja na daftari la fedha na stakabadhi, nitaomba nioneshwe ukurasa mmoja. Mwandiko mbaya unakubaliwa.