MAFURIKO YASIYO NA MAWINGU

Wahenga walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Hawakukosea. Lakini je, dalili ya mafuriko ni nini? Wengi watajibu, "Si mvua kubwa!" Jibu hilo ni nusu tu. Mkazi wa Garissa anaweza kulala chini ya anga lenye nyota, akaamka na kukuta maji yako uvunguni. Yametoka wapi jamani? Haya, twende pamoja.

Kwanza, fanya jaribio hili. Chukua mkebe, uutoboe matundu madogo chini, kisha utie udongo mkavu hadi karibu na ukingo. Mwagia kikombe kimoja cha maji. Udongo utayanywa. Ongeza cha pili papo hapo, halafu cha tatu. Kumbe sasa maji yanasimama juu, mwishowe yanamwagika! Je, kikombe cha tatu kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza? La. Vikombe ni sawa. Udongo ndio ulioshiba. Mvua zinazofuatana ni vivyo hivyo. Ya kwanza hunywewa na ardhi. Ya tatu, hata iwe ndogo, hukimbilia mtoni.

Sasa tuupeleke mkebe wetu Mto Tana. Mto huu hupata maji mengi kutoka Mlima Kenya na safu ya Nyandarua. Njiani kuna mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Baada ya kiangazi, mabwawa haya huyapokea maji ya mvua na kuyaweka. Yakishajaa, maji ya ziada hayana budi kuteremka hadi Garissa, Hola na Garsen, hata kama huko hakujanyesha.

Mfano tunao. Oktoba hadi Desemba 2023, mvua za El Nino zilinyesha kwa wingi. Masika ya 2024 yakafuata. Mwezi wa Aprili mabwawa yalifurika, na mashua iliyokuwa ikivusha watu karibu na Madogo ikapinduka, watu wakafa maji. Kote nchini, mafuriko ya masika hayo yaliua zaidi ya watu 200.

Basi usipime hatari kwa kutazama mawingu yaliyo juu yako pekee. Wala usiseme, "Mvua ya juzi ilikuwa kubwa na hatukuhama." Jiulize: Ardhi imeshiba? Mabwawa yamejaa? Kwa wenzetu wa juu kunanyesha? Jibu likiwa ndiyo, wahamishe wazee, watoto na mifugo mapema. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa humwagika.

MASWALI
1. Kwa nini mvua ndogo ya mwisho yaweza kuleta madhara kuliko kubwa ya kwanza?
2. Eleza jinsi Garissa inavyoweza kufurika bila mvua.
3. Tunga sentensi: bwawa, furika, shiba, ukingo.